Karatasi ni Amana: Ijue Kabla ya Kuinunua

Watu wa pwani tuna kawaida ya kuchagua kwa makini vitu tunavyovinunua. Mama akienda Biashara Street kutafuta leso, ataikunjua, atatazama pindo na mji, atasoma jina lake, kisha atapapasa kitambaa kabla ya kutoa pesa. Mpishi wa pilau hanunui mchele mpaka autie mkononi na kuunusa. Lakini twendapo kununua karatasi, sote twasema maneno yale yale: "Nipe rimu moja." Muuzaji hutupa ile iliyo karibu naye, twalipa, twaondoka.

Jambo hili limenishughulisha tangu kamati ya madrasa yetu iliponipa kazi ya kununua karatasi za mwaka mzima. Mahitaji yalikuwa ya namna tatu. Kwanza, karatasi za ofisi, kwa ajili ya barua na mitihani. Pili, karatasi za daftari kubwa la kuandikia majina ya wanafunzi, mali ya madrasa na wakfu iliyowekewa. Tatu, kadi za mwaliko wa Maulidi na vyeti vya watoto waliohitimu, ambavyo mwalimu wetu mmoja mwenye hati nzuri ya Kiarabu angeviandika kwa mkono. Mtunza hazina alitaka zote ziwe za bei moja, nayo iwe ya chini.

Katika duka moja la mjini Mombasa nalimkuta mzee aliyeuza karatasi tangu ujana wake. Baada ya kuamkiana nikamwambia, "Mzee wangu, nataka karatasi."

Akacheka. "Karatasi ni nyingi, mwanangu. Wataka ya kazi gani, na wataka ikae muda gani?"

Maswali hayo mawili yatosha kuwa elimu nzima ya kununua karatasi. Mwenye kuyajibu kabla ya kuingia dukani hapotezi pesa zake, wala hapotezi kile atakachokiandika.

JINA NA ASILI YAKE

Yafaa kwanza ifahamike kwamba karatasi si kitu kigeni kwetu Waislamu. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, qirtas, nalo limetajwa katika Sura al-An'am. Waraka ni kutoka waraq, na kalamu ni kutoka qalam. Hata rimu, ambayo twaidhani ni neno la Wazungu, asili yake ni rizma ya Kiarabu, yaani furushi. Neno hilo lilipita Hispania likafika Uingereza, kisha likarudi kwetu pwani na Waingereza likiwa limebadilika sura.

Ufundi wa kutengeneza karatasi ulitoka Uchina, ukafika Samarkand katika karne ya 8, na kabla ya karne hiyo kwisha Baghdad ilikuwa na kiwanda chake, wakati wa Khalifa Harun al-Rashid. Mji huo ulikuwa na soko la wauza karatasi na vitabu, Suq al-Warraqin, na al-Ya'qubi, mwanachuoni wa karne ya 9, ameandika kwamba lilikuwa na maduka zaidi ya 100.

Na ofisi za wakati ule hazikununua karatasi ovyo. Al-Qalqashandi wa Misri, aliyefariki mwaka 1418, alieleza katika kitabu chake Subh al-A'sha daraja za karatasi na vipimo vyake. Ya Baghdad aliiweka juu, kisha ya Sham, kisha ya Misri. Tena alieleza ni karatasi ya ukubwa gani yafaa kumwandikia nani kwa kadiri ya cheo chake. Basi yule mzee wa dukani, kwa kuniuliza karatasi ni ya kazi gani, alikuwa akifuata desturi ya makarani wa zamani.

Kwetu pwani karatasi ilikuja kwa jahazi na meli, ikawa bidhaa ya thamani. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi, nazo zasomeka mpaka leo. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi na mwekundu, ingaliko. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vingi katika hivyo vimeliwa na wadudu au vimeingia maji, lakini karatasi yenyewe imestahimili.

KWA NINI YA BABU YADUMU NA YA BABA YAVUNJIKA

Hapa pana jambo ambalo watu wengi huliona wasijue sababu yake. Katika nyumba ya jamaa zangu, Mji wa Kale, mna kasha lenye hati za ukoo. Humo mna karatasi mbili zilizonistaajabisha. Moja ni ya wakati wa babu wa babu, hati ya mauziano ya kiwanja. Imekuwa na rangi ya chai ya maziwa lakini yakunjika na kukunjuka bila taabu. Nyingine ni ya miaka ya 1960, wasia ulioandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Hiyo imekuwa ya kahawia, na ukiigusa penye mkunjo yakatika kama kaki. Sehemu moja ya mkunjo imeanguka na majina mawili ya warithi.

Wengine husema ni baraka ya wazee. Baraka ipo, lakini sababu imo katika karatasi. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, yaliyopondwa mpaka yakawa uji. Nyuzi zake ni ndefu na zenye nguvu. Kutoka katikati ya karne ya 19 viwanda vya Ulaya vikaanza kutumia miti, kwa kuwa matambara hayakutosha. Mti una kitu kinachoshikamanisha nyuzi zake, kiitwacho lignini, ambacho kisipoondolewa hugeuka manjano kwa jua. Isitoshe, ili wino usisambae, viwanda vilitia shabu pamoja na utomvu wa msonobari, na mchanganyiko huo huzaa asidi. Asidi hiyo huzikata nyuzi polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama karatasi imefungiwa sandukuni. Na joto letu pamoja na unyevu huiharakisha.

Kwa bahati njema, tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimeacha njia hiyo, vikatumia unga wa kalsiamu kaboneti badala yake. Msomaji asitishike na jina hilo. Ni kitu kile kile kilichomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za Lamu na Mombasa. Unga huo huizuia asidi. Kwa hivyo karatasi nyingi nyeupe za fotokopi za siku hizi zina umri mrefu kuliko karatasi za madaftari ya bei rahisi na za magazeti.

Kama hati ni ya kukaa vizazi, kama wakfu, wasia, au daftari la nikaha, mwulize muuzaji karatasi isiyo na asidi. Tazama kama kwenye pakiti pameandikwa hivyo kwa Kiingereza, au kama pana nambari ya ISO 9706, ambayo ni kanuni ya kimataifa ya karatasi za kudumu, iliyotolewa mwaka 1994. Ukikosa yote hayo, fanya jaribio la jua. Chukua kipande cha karatasi, kifunike nusu kwa kitabu, kiache dirishani penye jua siku kadhaa. Nusu iliyopigwa na jua ikigeuka manjano, karatasi hiyo ni ya kufungia njugu. Usiandikie haki ya mtu.

PIMA KWA MIZANI

Tukirudi kwenye karatasi za ofisi, hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa rimu zote hufanana machoni.

Zamani shule na ofisi za Kenya zilitumia sana karatasi za Webuye, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilichoanza kazi mwaka 1974 kikafungwa mwaka 2009, kisha kikachukuliwa na wenye mali wengine mwaka 2016. Leo rimu nyingi za ofisi zilizo madukani mwetu hutoka ng'ambo, kila moja na jina lake na picha yake ya kupendeza. Usitazame picha. Tafuta nambari mbili: idadi ya karatasi na uzito.

Uzito huandikwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisi ni gramu 80. Nyepesi zaidi ni 70 na hata 60. Vipimo vya ukubwa navyo vina hesabu yake nzuri. Karatasi kubwa ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ukiikata mara mbili wapata A1, na ukiendelea hivyo wafika A4, milimita 210 kwa 297, ambayo 16 zake ndizo A0 moja. Basi karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni takriban kilo 2 na nusu. Ya gramu 70 ni kama kilo 2 na gramu 180. Ya gramu 60 haifiki kilo 2.

Hesabu hii ni silaha ya mnunuzi. Iweke rimu kwenye mizani. Ikiwa pakiti yasema gramu 80 na mizani yasema kilo 2 na robo, ama karatasi ni nyepesi au hazitimii 500. Nalifanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja aliyenipa bei ya chini kuliko wenzake, na rimu yake ikapungua. Alikasirika kidogo, nikamkumbusha kwamba Qur'ani ina sura nzima juu ya wapunjao vipimo. Alinyamaza, nami nikaenda duka jingine.

Uzito si kila kitu. Iweke karatasi moja juu ya ukurasa wa gazeti. Ukiweza kusoma maandishi ya chini, karatasi hiyo haifai kupigwa chapa pande mbili, na mtihani wa watoto utachanganyika maneno. Iguse pia. Ikiacha vumbi jeupe vidoleni, vumbi hilo litaingia ndani ya mashine ya fotokopi.

Kwa mitihani na matangazo ya wiki moja, gramu 70 yatosha, na hapo nalimkubalia mtunza hazina. Kwa barua za ofisi nalichukua 80. Hakuna haja ya kununua karatasi ya kudumu miaka 100 kwa tangazo la kikao cha Ijumaa.

KADI NA VYETI

Katika kadi na vyeti ndipo watu hufurahia zaidi, na ndipo hukosea zaidi. Kadi ya mwaliko hutaka gramu 250 au 300 ili isimame yenyewe. Cheti chahitaji chini ya hapo, 160 hadi 200, ili kiweze kutiwa kwenye fremu bila kujikunja. Wengi huomba karatasi yenye mistari hafifu mwilini, ambayo watu wa Kenya huiita Conqueror hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Ni nzuri kwa barua na vyeti. Lakini mwulize mpiga chapa kwanza kama mashine yake yaiweza, kwa kuwa wino wa unga wa mashine hizi hushika vizuri penye ulaini, na penye mikwaruzo huweza kubanduka.

Kila karatasi ina njia ya nyuzi zake, kama ubao. Seremala wa milango ya Lamu hachongi bila kutazama njia ya mti. Karatasi ikikunjwa kufuata nyuzi hukunjika laini. Ikikunjwa kwa kukata nyuzi hupasuka, na kadi ya harusi hutoka na mkunjo wenye nyufa. Kujua njia yake ni rahisi. Kata vipande viwili vyembamba vilivyo sawa, kimoja kwa urefu wa karatasi na kimoja kwa upana, uvishike pamoja kwa ncha. Kile kinachoinama zaidi ndicho kilichokatwa kinyume cha nyuzi. Daftari nalo lapaswa kujalidiwa nyuzi zikiwa sambamba na mgongo wake, ama sivyo halitafunguka vizuri na kurasa zitavimba.

Kwa mwandishi wa hati ya mkono, jambo kubwa ni wino. Akiandika kwa kalamu ya tete juu ya karatasi ya fotokopi, wino husambaa kando na herufi huota ndevu. Waandishi wa Kituruki, Kiajemi na Kihindi waliipaka karatasi wanga au ute wa yai uliotiwa shabu, kisha wakaisugua kwa jiwe laini mpaka ikang'aa. Kalamu huteleza juu yake, na kosa laweza kufutwa likiwa bichi. Leo si lazima kufanya kazi hiyo yote, lakini nenda dukani na kalamu yako na wino wako, uandike alifu moja na nuni moja kwenye kipande cha majaribio. Kingo zikibaki kali, nunua. Mwalimu wetu alijaribu namna tano akachagua moja, nayo haikuwa ya bei kubwa kuliko zote.

Weupe nao una aina zake. Karatasi nyeupe sana inayoelekea buluu hupendeza kwa tangazo, lakini huchosha macho ya msomaji. Ndiyo maana misahafu mingi na vitabu vya kusomwa kwa muda mrefu huchapwa kwenye karatasi ya rangi ya malai.

RISITI ZINAZOFUTIKA

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura al-Baqara, yahusu kuandikiana deni. Mwenye kuandika akachagua karatasi isiyodumu amefanya nusu ya kazi. Risiti nyingi tunazopewa madukani siku hizi ni za karatasi ya joto, ile laini isiyotumia wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Kwa sababu hiyo hiyo, ikiachwa penye jua, ikiguswa na mafuta, au ikitiwa katika mfuko wa plastiki, maandishi hufifia mpaka pakabaki karatasi tupu. Risiti ya mali ya msikiti, ya amana ya yatima au ya malipo ya kiwanja, ipige fotokopi siku hiyo hiyo. Wino wa fotokopi ni unga mweusi ulioyeyushwa juu ya karatasi kwa joto, nao haufutiki kwa maji wala haufifii upesi. Kalamu ya biro hufifia kwenye mwanga, na wino wa mashine ndogo za kurusha wino mara nyingi huyeyuka kwa tone la maji.

UNYEVU WETU

Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Rimu iliyofunguliwa wakati wa masika ikaachwa mezani, baada ya siku chache hujikunja pembeni na kukwama kwenye mashine. Isiondolewe kwenye kifungashio chake mpaka siku ya kutumiwa, na kilichobaki kirudishwe humo. Isiwekwe sakafuni wala isiegemezwe ukuta wa nje, kwa kuwa ukuta wa matumbawe hupitisha maji, na mchwa hupanda kutoka chini. Weka rafu yenye nafasi ya hewa nyuma yake. Hati muhimu zisikunjwe. Zilazwe bapa ndani ya jalada safi, mbali na jikoni. Zisibanwe kwa pini za chuma, maana kutu la pwani halina huruma.

MWISHO WA KARATASI

Liko jambo moja la mwisho, nalo latuhusu Waislamu zaidi. Mnunuzi afikirie pia karatasi yake itaishia wapi. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, karatasi za kufungia bidhaa zimeongezeka mitaani. Nimeona njugu zikifungwa kwa karatasi ya mtihani wa dini, yenye aya juu yake. Nimeokota kadi ya harusi yenye Bismillahi iliyopambwa kwa dhahabu, ikiwa mtaroni. Aliyeipiga chapa hakukusudia hivyo, wala aliyealikwa. Lakini kadi mia tano zikitoka, nani atazikusanya?

Kamati yetu iliamua kwamba kadi za Maulidi zisiwe na aya, ziwe na maneno ya mwaliko na mapambo tu, na kwamba mitihani ya dini irudishwe madrasa baada ya kusahihishwa. Kuhusu namna ya kuziondoa, kuchoma mahali safi au kuzika pasipokanyagwa, waulizwe masheikh wetu.

Jumla ya gharama ilizidi kidogo ile aliyoitaka mtunza hazina. Daftari la majina na la wakfu ndilo lililokula ziada hiyo, naye alipoelezwa habari ya ule wasia uliopoteza majina mawili, alitia sahihi bila maneno. Nami nakuomba, ndugu msomaji, ufungue kasha la nyumbani kwako wiki hii. Tazama hati zilizoanza kuwa kahawia kwenye mikunjo. Zipige nakala juu ya karatasi njema ungali waweza kuzisoma, uiweke nakala moja kwa jamaa wa nyumba nyingine. Asili usiitupe, maana mahakamani kwa Kadhi ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Wallahu aalam.